Siku Mwenyekiti Alipoteremka na Mto

Kazi yangu ya kwanza katika chama cha wavuvi wa trauti, samaki wa maji baridi ya mlimani, ilikuwa kutafuta manyoya ya jogoo. Yalitakiwa yale membamba ya shingoni, mekundu yanayokaribia rangi ya kahawia, yanayosimama jogoo anapotaka kupigana. Nilizunguka soko la Kitale karibu siku nzima. Mwishowe nikaenda nyuma ya hoteli zilizo karibu na msikiti, wanakochinja kuku asubuhi, nikawaomba akina mama waliokuwa wakinyonyoa wanitengee shingo za majogoo wekundu.

"Za nini?" mmoja akauliza.

"Za kuvulia samaki."

Akaniangalia, akamwangalia mwenzake, kisha akanijazia mfuko bila kuuliza lingine.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa fundi cherehani, nimekaa barazani pa duka la marehemu baba yangu, nikishona sare za shule, madera na kanzu za Idi. Samaki niliowajua walikuwa wale wa kukaangwa, wa kutoka ziwani, wanaofika Kitale wakiwa tayari wamekauka au wamegandishwa kwenye barafu. Sikuwa nimewahi kushika ndoano maishani.

Aliyeniingiza katika mambo hayo alikuwa mzee mmoja mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo. Alikuwa amestaafu kazi ya maabara hospitalini, akahamia shambani kwake juu ya Endebess, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akafuga ng'ombe wa maziwa. Watu wa huko walimwita Daktari, naye kila mara aliwasahihisha: "Mimi ni mtu wa hadubini tu." Siku hiyo alikuja dukani kutafuta uzi. Kila uzi niliomtolea alisema ni mnene. Mwishowe akatoa kijaluba mfukoni, akakifungua, nikaona mdudu, nikarudi nyuma.

"Kama wewe umeogopa," akasema, "basi na samaki ataamini."

Alikuwa nzi wa bandia: ndoano ndogo iliyozungushiwa uzi na manyoya ili ifanane na mdudu wa majini. Huyo alikuwa ameanza kufumuka. Mzee alitaka kujua kama mikono inayoshona tundu za vifungo inaweza kumtengeneza upya. Nilimtengeneza jioni ile ile kwa uzi wa hariri niliobakisha kwenye nguo ya bibi harusi. Wiki iliyofuata alirudi na ndoano nyingine, na jiliwa dogo la kushikia ndoano lililotengenezwa na rafiki yake, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana Bungoma mjini. Akaniambia yeye ni mwenyekiti wa chama, na chama kinanialika kwenda kuona nzi zangu wakifanya kazi.

Mama yangu hakupendezwa. Alitaka kujua wanachama ni watu gani, nitarudi saa ngapi, na hao samaki wanaliwa na nani. Nilipomweleza kwamba mara nyingi samaki akishavuliwa anarudishwa majini, aliacha kukanda unga wa mahamri.

"Unamvuta mtu kwa ndoano mdomoni, halafu unamwambia nenda nyumbani? Amekukosea nini?"

Nilienda hata hivyo.

Mto wenyewe ni mdogo, sitautaja jina. Unatoka msituni juu kabisa, unapita kwenye mawe, unaingia mashambani, kisha unaungana na mito mingine mpaka Nzoia. Maji yake ni baridi kiasi kwamba mguu unauma. Trauti si wenyeji wa mlima huu. Waliletwa zamani za ukoloni na walowezi waliotaka mchezo waliouacha kwao, wakazaana, walowezi wakaondoka, samaki wakabaki. Wana madoadoa meusi na mstari mwekundu ubavuni, na hawavumilii uchafu. Maji yakipata joto au tope au dawa, wao ndio wa kwanza kufa.

Hilo ndilo Mwenyekiti alilolipenda kwao. "Mimi nilifanya kazi ya kupima damu za watu," aliniambia. "Samaki huyu ni kipimo kinachoogelea."

Tulikuwa watu kama ishirini hivi. Kulikuwa na walimu, karani wa benki, mwenye duka la mbegu kutoka Kachibora, wakulima wa pale pale mlimani. Yule fundi wa Bungoma, ambaye kwao hasa ni Myanga, alisafiri kila Jumamosi ya chama bila kukosa. Nilimuuliza mbona anatoka mbali namna hiyo. Yeye ni wa watu wanaobadilisha r kuwa l, akanijibu taratibu: "Dada, maji ya Nzoia yanatoka huku kwenu juu. Mkiyahalibu, sisi tunakunywa uhalibifu."

Na kulikuwa na mama mmoja mjane, mkulima na mzee wa kanisa lake, tuliyemwita Mama tu, ambaye alitunza kitalu cha miche kando ya daraja. Alikuwa na mwili mdogo na sauti ya chini. Mianzi yote iliyopandwa kwenye kingo ilipitia mikononi mwake, na ni yeye aliyetufundisha kung'oa mikaratusi iliyokuwa ikinyonya chemchemi. Hakuvua. Alisema kazi yake ni kuwapa samaki kivuli.

Siku ya chama ilikuwa na mpango wake. Asubuhi tulipanda miche au kurekebisha ua unaozuia ng'ombe wasikanyage kingo. Baada ya chai, wenye fimbo za kuvulia walikwenda kuvua, wakiwa wamebana vijino vya ndoano kwa koleo ili samaki asiumie sana. Lakini kabla ya yote tulipindua mawe. Huo ulikuwa uvumbuzi wa Mwenyekiti. Aliweka alama sehemu kadhaa za mto, na kila mara tulishuka majini hapo, tukainua mawe na kutazama wadudu walioshikilia chini yake. Kuna wenye mikia mitatu, kuna wenye miili bapa, na kuna mmoja niliyempenda kuliko wote, anayejijengea nyumba ya changarawe kama kibweta, akakaa humo. Wakiwepo hao, maji ni mazima. Wakitoweka wakabaki funza wekundu tu, kuna kitu kimeingia. "Mawe hayadanganyi," alikuwa akisema, nasi tulimcheka kwa sababu alilisema kila Jumamosi.

Ugomvi wetu wa miaka yote ulikuwa na wakulima wa viazi. Walilima mpaka ukingoni kabisa, jembe likigusa maji, na mvua ikinyesha udongo wao wote ulikuja mtoni. Tulifanya nao mikutano. Walitusikiliza kwa heshima, wakanywa chai yetu, wakaenda kulima pale pale. Mmoja alituambia waziwazi kwamba watu wa kuchezea samaki hawawezi kumfundisha mtu anayelisha watoto.

Halafu ikaja Jumamosi ninayotaka kuieleza.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Ijumaa usiku ilikuwa imenyesha vibaya, na barabara ya Endebess ilitukwamisha mara mbili. Tulipofika darajani tulimkuta yule mama amesimama ndani ya maji, kanga imekunjwa mpaka magotini, ameshika beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na trauti, wakubwa na wadogo, matumbo juu. Alikuwa ameanza kuwaokota tangu alfajiri, mtu asije akawachukua kwenda kupika.

Mwenyekiti aliteremka ukingoni akachukua jiwe la kwanza. Tupu. La pili, tupu. La tatu lilikuwa na wadudu wa nyumba za changarawe, lakini nyumba hazikuwa zikisogea, na alipomtoa mmoja kwa ncha ya kijiti alikuwa amelegea kama uzi uliolowa.

"Ni dawa ya viazi," akasema. Sauti yake ilikuwa na hasira niliyokuwa sijaisikia. "Wamepulizia, mvua imeosha. Tumewaambia mara ngapi?"

Watu wakaanza kusema pamoja. Karani wa benki alitaka twende kwa chifu mara moja. Mwenye duka la mbegu alisema anaijua hata dawa yenyewe, na alimuuzia nani. Fundi wa Bungoma alikuwa amechutama kando ya beseni, akiwahesabu samaki.

Mama akatoka majini, akaweka beseni chini. Wale wakulima wa viazi walikuwa majirani zake, baadhi yao ndugu za marehemu mumewe.

"Mzee," akasema, "wewe ndio ulitufundisha hii mawe haidanganyi. Tukienda kwa chifu bila kuuliza mawe, tutasema nini? Tupande. Tuangalie mpaka pale wadudu wako hai. Kama ni viazi, mimi mwenyewe nitawapeleka."

Mwenyekiti alikubali. Nafikiri alikubali haraka kwa sababu hakuwa na wasiwasi wowote juu ya jibu.

Tukapanda na mto. Kwenye alama ya pili, wadudu wote wamekufa. Kwenye alama ya tatu, chini ya maporomoko madogo, wamekufa, na samaki mmoja mkubwa amekwama kwenye mizizi. Mwenyekiti alikuwa mbele, anatembea kwa hatua ndefu. Mashamba ya viazi yalikuwa bado juu yetu, yanaonekana kwenye mteremko. Tulipofika alama ya nne, mimi nilikuwa nimekaribia ukingo kuliko wengine, nikainua jiwe, na vitu vikatawanyika vidoleni mwangu: mikia mitatu, miili bapa, wote wakikimbilia giza.

"Hapa wako hai," nikasema.

Mwenyekiti alikuja akalichukua jiwe kutoka mkononi mwangu, akalitazama kwa muda mrefu, akalirudisha majini vile vile lilivyokuwa. Mashamba ya viazi yalikuwa juu yetu, na maji yaliyotoka huko yalikuwa na tope, lakini yalikuwa na uhai. Kitu kilikuwa kimeingia kati ya alama ya tatu na ya nne.

Tukarudi chini polepole, tukitazama kingo zote mbili. Fundi ndiye aliyekiona. Kwenye ukingo wa kushoto, nyuma ya nyasi ndefu, palikuwa na mfereji mpya uliochimbwa na maji ya mvua yenyewe, na ndani yake yakitiririka maji meupe kidogo, yenye harufu kali. Mtu yeyote aliyekulia na ng'ombe anaijua harufu hiyo. Ni dawa ya kupe, ya kwenye josho wanamoogeshewa ng'ombe.

Josho lilikuwa moja tu sehemu ile. Lilikuwa la Mwenyekiti.

Alisimama akautazama mfereji. Halafu akaanza kutueleza, kwa utulivu, kama mtu anayesoma majibu ya maabara. Alikuwa amebadilisha dawa ya josho Alhamisi. Ile ya zamani aliimwaga kwenye shimo alilolichimba miaka mingi kabla, alilolipima mwenyewe akaona liko mbali na mto vya kutosha. Ukuta wa shimo lazima uliporomoka kwa mvua ya Ijumaa. "Sikurudi kuangalia," akasema. "Mvua ilinyesha, nikalala."

Karani alianza kusema ni bahati mbaya, mtu hawezi kuzuia mvua. Mwenyekiti hakumsikiliza. Alimgeukia fundi akamwomba awachukue wanaume waende wakazibe shimo kwa udongo na magunia ya mchanga. Kisha akamuuliza Mama: "Nyumba zinazochota maji chini ya hapa ni ngapi?"

Mama alizitaja kwa kidole, moja baada ya nyingine, kushoto na kulia mpaka penye daraja la pili.

"Nakwenda," Mwenyekiti akasema.

"Mzee, tumwambie chifu atangaze," karani akashauri. "Au kesho kanisani, watu wote watakuwepo."

"Kesho ni kesho. Chai ya jioni inapikwa leo."

Mama alisema atashika ukingo wa kulia, Mwenyekiti ashike wa kushoto. Halafu akanivuta mkono pembeni. "Dada, nenda na yeye. Njia inateleza, na hii miwani yake imejaa maji. Asianguke."

Hivyo ndivyo nilivyoteremka na Mwenyekiti nyumba kwa nyumba, tangu asubuhi mpaka jua lilipokuwa linazama. Nimesikia mahubiri mengi na hotuba nyingi tangu siku hiyo. Sijasikia lililonikaa kama yale maneno yake machache, aliyoyarudia kwenye kila lango, hayaongezi wala hayapunguzi: "Habari za hapa. Msinywe maji ya mto, wala msiwape ng'ombe. Yana dawa ya josho. Josho ni langu. Mimi ndiye niliyeyaharibu."

Kwenye nyumba ya kwanza mwanamke alikuwa akichemsha maji ya uji. Aliposikia, alimwaga sufuria, akamwaga mitungi, akamwaga hata maji ya kunawia, kisha akasimama katikati ya uwanja uliolowa na kutuuliza sasa atapikia nini. Mwenyekiti alimwambia maji mengine yataletwa kabla ya jioni. Hakuwa na hakika, niliona hivyo usoni mwake, lakini aliahidi.

Nyumba ya tatu au ya nne tulimkuta mtu mzima, mnene, amesimama kando ya ndama aliyelala. Alisikiliza maneno yote, halafu akamshika Mwenyekiti kola ya koti.

"Kwa hivyo ni wewe. Hii ndama imelala tangu Alhamisi, haiamki. Ni wewe."

Mwenyekiti hakujitoa mikononi mwake. "Ninaye ndama wa umri huo," akasema. "Njoo Jumatatu umchukue."

Tulipotoka pale nilishindwa kunyamaza. "Mzee, amesema Alhamisi. Shimo limepasuka Ijumaa usiku. Ndama alikuwa mgonjwa kabla."

"Najua."

"Basi mbona hukumwambia?"

"Leo sibishani na mtu yeyote juu ya mto huu," akasema, akaendelea kutembea.

Wengine walimtukana. Mmoja alicheka sana, akawaita wanawe waje wamwone Daktari wa samaki aliyeua samaki. Kijana mmoja mwenye kofia ya kuvuta masikioni alisema, "Ati nyinyi ndio mlikuwa mnatuambia tusilime karibu na mto, bana," na Mwenyekiti akamjibu, "Ndiyo, ni sisi," akangoja kama ana lingine la kusema. Bibi mmoja mzee sana, aliyekaa mbele ya jiko lake, alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa lala. "Kunywa," akamwambia. "Hii haina mto." Mwenyekiti akanywa amesimama, akamrudishia kibuyu kitupu.

Karibu na daraja la pili sauti ilimwishia. Alikuwa hajazoea kupaza sauti malangoni, na alikuwa amelowa tangu asubuhi. Kwenye nyumba iliyofuata alifungua mdomo, pakatoka pumzi tu. Mimi nikaona vema nimsaidie. "Msinywe maji ya mto," nikasema, "yameingia dawa ya josho kutoka..."

Akainua mkono kunizuia. Akaisogelea familia ile, baba, mama na watoto wao, mpaka karibu kabisa, nao wakamwinamia ili wamsikie. Akawaambia yote kwa kunong'ona, mpaka neno la mwisho, kwamba ni yeye.

Tuliporudi darajani, giza halijaingia bado, tulisikia injini. Fundi alikuwa amemaliza kuziba shimo mapema, akashuka mpaka barabarani, akampata mwenye trekta aliyemjua, wakaenda kwenye chemchemi ya juu wakajaza mapipa. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakigawa maji. Jumatatu yake alileta mapipa mengine kutoka Bungoma, mapya, ambayo alikuwa ameyachomelea kwa ajili ya mteja. Nilimuuliza mteja alisema nini. "Atangoja," akasema. "Yeye hana kiu."

Hakuna mtu aliyekufa. Watoto wawili waliumwa tumbo, wakapelekwa zahanati, wakapona, na Mwenyekiti alikaa nao huko kwa siku mbili walizolazwa. Jumapili, kabla ya ibada, alivuka mto akapita nyumba zote za ukingo wa kulia. Nilishangaa, kwa sababu Mama alikuwa tayari amezipita. Nilipomuuliza Mama, alinieleza. "Mimi nilisema maji imeharibika, msikunywe. Nani aliharibu, hiyo ilikuwa yake kusema. Hata hakuniomba nimwachie. Nilijua tu."

Mkutano wa chama uliofuata ulikuwa mzito. Tulikuwa na sheria, aliyoiandika Mwenyekiti kwa mkono wake: mwanachama akichafua mto, asivue kwa misimu miwili ya mvua, na asiwe kiongozi. Tulipoiandika tuliwafikiria wengine kabisa. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, akafunga daftari, akalisukuma katikati ya meza.

Karibu wote tulitaka kumsamehe. Mimi nilisema hivyo, na machozi yalikuwa karibu. Karani alisema mtu aliyejieleza hadharani namna ile ameshajiadhibu. Mama alimwacha kila mtu aseme, halafu akasema lake.

"Mimi nampenda huyu mzee kama kaka. Lakini mkimsamehe leo, majirani zangu watasema hiyo sheria ilikuwa ya watu wa viazi peke yake."

Mwenyekiti alimtazama na kuitikia kwa kichwa, na nikaona ametulia, kama mtu aliyetuliwa mzigo mahali panapofaa. Siku hiyo hiyo tukamchagua Mama awe mwenyekiti. Alikataa mara moja, kwa adabu, halafu akakubali.

Josho lilivunjwa. Mzee alianza kuwanyunyizia ng'ombe wake kwa pampu ya mkono, juu kabisa ya shamba, mbali na maji. Fimbo yake ya kuvulia aliileta dukani kwangu nimtunzie, kwa sababu alisema ikiwa nyumbani ataichukua siku moja bila kufikiri. Lakini Jumamosi hakukosa. Alipanda miche, alibeba mawe ya kuimarisha kingo, na alipindua yale mengine ya wadudu, akiandika alichokiona. Kwa miezi mingi aliandika neno moja tu: hakuna.

Jambo ambalo hakuna aliyelitazamia lilitokea kabla ya mwaka kwisha. Wakulima watatu wa viazi walikuja kwenye mkutano wetu bila kuitwa. Mmoja wao alikuwa yule aliyesema sisi ni watu wa kuchezea samaki. Alisimama, akavua kofia.

"Daktari amevunja josho yake," akasema. "Mimi nitashindwa aje kuacha mistari minne ya viazi? Leteni hiyo mianzi."

Miaka mitano ya mikutano na chai haikuwa imetupatia hata mstari mmoja. Tulipanda ukingo wao kwa Jumamosi tatu mfululizo, wao wakichimba mashimo, Mama akipita nyuma akishindilia udongo kwa kisigino.

Wadudu walirudi kwa zamu. Kwanza funza, halafu wale wa mikia mitatu. Siku moja ya soko nilikuwa nikimpima mteja kiuno, nikamwona Mzee amesimama mlangoni na udongo kwenye suruali. Hakuingia hata. "Wale wa nyumba za changarawe wamerudi," akasema. "Alama ya pili. Nimemwona mmoja anatembea." Halafu akaenda zake kununua chumvi ya ng'ombe. Mteja aliniuliza ni wapangaji gani hao, nikachelewa kumjibu kwa sababu nilikuwa nacheka na kufuta macho.

Samaki nao hawakuhitaji kuletwa. Wale waliokuwa juu ya mfereji, kwenye vidimbwi vya msituni, walinusurika, na watoto wao wakaanza kuteremka. Misimu miwili ilipokwisha, Mzee alikuja kuchukua fimbo yake. Nilikuwa nimemtengenezea nzi sita, kwa manyoya bora kuliko yote niliyowahi kuyapata. Alivua siku nzima hakupata hata mmoja, akarudi amefurahi kama aliyejaza kapu.

Mara ya mwisho nilipopanda mlimani na chama, kabla mambo ya huko hayajawa magumu kwa mapigano ya ardhi na safari kusimama kwa muda, Mzee aliamua kumfundisha Mama kuvua. Mama alisema amezeeka kwa mambo hayo. Mzee akamwambia mwenyekiti hawezi kuongoza wavuvi bila kushika fimbo. Akasimama nyuma yake penye kina kirefu chini ya mianzi, akamwonyesha jinsi ya kurusha bila kutumia bega, mkono wa chini tu, taratibu. Mshipi ulinasa kwenye nyasi, kisha kwenye kanga yake, kisha kwenye kofia ya fundi wa Bungoma, ambaye alisema yeye ni mkubwa mno kurudishwa majini. Mara ya saba au ya nane nzi alitua vizuri, na maji yakafunguka.

Mama hakupiga kelele. Alimvuta polepole, kwa uangalifu ule ule anaotumia kung'oa mche kitaluni bila kukata mzizi. Alikuwa trauti mdogo, urefu wa kiganja. Mzee alimwonyesha namna ya kulowesha mikono kwanza. Mama akamshika chini ya maji, akatazama ule mstari mwekundu, madoadoa, mdomo unaofunguka na kujifunga.

"Kumbe ni mzuri hivi," akasema. "Miaka hii yote, mimi nilikuwa naona maiti yake tu."

Akafungua vidole. Samaki alikaa hapo kidogo, kichwa kikielekea juu ya mto, halafu akaenda. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akasema kuna watu wanachimba mashimo ya miche upande wa pili na hawajapata chai, akapanda ukingoni kwenda kuwasha moto.